Nani alikunja parachuti yako?

Binamu yangu alirudi likizo kutoka Qatar akiwa na simu mpya na orodha ya mambo aliyoapa kuyafanya kabla hajarudi kazini. Nambari moja kwenye orodha: kuruka kutoka kwa ndege pale Diani.

"Twende, nitalipa nauli ya SGR," akaniambia. "Wewe kazi yako ni kushika simu tu."

Mimi ni nani nikatae? Blogu hainilipi hivyo, na mara ya mwisho kuona bahari nilikuwa darasa la saba. Jumamosi hiyo tukavuka feri ya Likoni, tukadandia matatu hadi Ukunda, na kufikia saa nne asubuhi binamu alikuwa anavalishwa mikanda huku akicheka kile kicheko cha mtu anayeficha woga.

Kama hujawahi kuona, mambo ni hivi. Ndege ndogo inapaa, inazunguka juu ya bahari hadi futi 12,000 hivi, mlango unafunguliwa, mnaruka. Mgeni haruki peke yake. Anafungwa mbele ya mwalimu kwa ndoano nne, mbili mabegani na mbili kiunoni. Mnaanguka kwa kasi ya karibu kilomita 200 kwa saa, kisha parachuti inafunguka na mnashuka polepole hadi mchangani, watu wa ufuoni wakipiga makofi.

Siku hiyo kila mtu alikuwa anatazama juu. Mimi macho yangu yaliganda chini, kwenye kivuli, ambapo dada mmoja alikuwa amepiga magoti juu ya turubai akikunja kitambaa kikubwa kuliko sebule yetu ya Kayole.

"Kaka, usikanyage hizo kamba," akaniambia bila kuinua kichwa.

Nikarudi nyuma. Halafu nikachuchumaa, nikaanza kumtazama. Na kuna sababu.

Mshipi wa Upper Hill

Niliacha chuo mwaka wa pili. Karo ilikwama, nikakwama nayo. Miezi michache baadaye nikapata kibarua cha kuosha vioo vya majengo marefu kule Upper Hill. Unakalishwa kwenye kibao, unafungwa mshipi, unateremshwa kwa kamba na ndoo yako ya maji ya sabuni. Pesa haikuwa mbaya, na kusema kweli mandhari ilikuwa noma.

Wiki ya pili nikagundua mshipi niliopewa ulikuwa na mshono ulioanza kutoka manyoya pale kiunoni. Nikamwonyesha msimamizi.

"Hiyo iko sawa," akasema. "Wenzako wameivaa miaka yote na hakuna aliyeanguka."

Nikaivaa. Wewe ungefanya nini na landilodi anapiga simu kila asubuhi?

Siku ya tatu baada ya hapo, nikiwa orofa ya tisa, nikainama kufikia pembe ya dirisha na nikasikia sauti ndogo: *krrr*. Si sauti kubwa. Ni kama mtu amechana mfuko wa mkate. Mshipi ukalegea upande mmoja, nikabaki nimekumbatia kamba ya kibao kwa mikono miwili, sabuni ikinichuruzika hadi kwenye viwiko. Walinishusha. Sikurudi, na ile pesa ya wiki sikuiona hadi leo.

Mamangu ni fundi wa nguo. Kabla sijaondoka pale nilikuwa nimepiga picha ya ule mshono, na jioni nikamwonyesha. Akavaa miwani, akaikuza kwa vidole.

"Uzi huu umekufa," akasema. "Umeuawa na jua. Ukivuta kwa mkono hauwezi kujua, lakini umekufa."

Mama alikuwa sahihi kabisa. Nailoni inachoshwa na miale ya jua. Inaweza kuonekana nzima, rangi imepauka tu kidogo, kumbe nguvu imekwisha. Kwa hivyo unaelewa kwa nini nikiona mtu anakunja kitambaa kitakachobeba uhai wa binamu yangu, sitazami juu.

Ndani ya begi

Yule dada wa turubai hakuwa na maneno mengi, lakini alipoona siondoki akaanza kunieleza mdogo mdogo, mikono ikiendelea na kazi.

Kitu cha kwanza nilichojifunza: begi la mgongoni lina parachuti mbili. Kuna parachuti kuu, ambayo inatumika kila siku, na kuna ya akiba, ambayo kila mtu anaomba isitumike kamwe. Zote mbili ziko mgongoni, moja juu ya nyingine.

Kitambaa chenyewe ni nailoni nyepesi iliyofumwa kwa vijimraba vidogo, ili kikitoboka, mpasuko usimame pale pale badala ya kukimbia. Zamani parachuti zilishonwa kwa hariri. Vita vya Pili vya Dunia vilipokatiza hariri kutoka Japani, Marekani ikahamia nailoni, na ndiyo inayotumika mpaka leo.

Kamba ni nyembamba kama za viatu. Nilishtuka kidogo. "Hizi ndizo zinambeba mtu?" Akacheka. "Zinabeba wawili."

Adui wa kamba na kitambaa ni jua, maji ya chumvi na mchanga. Mchanga ni msasa. Ukiingia kwenye nyuzi, kila parachuti inapofunguka unasugua kidogo, unasugua kidogo. Ndiyo maana kabla ya kukunja aliikung'uta kila sehemu, na ndiyo maana alinifukuza na viatu vyangu vya ufuoni.

Halafu akanionyesha kitu ambacho sikuwahi kukifikiria. Ni kitambaa cha mstatili chenye pete nne za chuma kwenye pembe zake, na kamba zote zinapitia kwenye hizo pete. Waruka angani hukiita slaida. Akakisukuma hadi juu kabisa, kikagusa parachuti.

"Hiki nikikisahau chini," akasema, "parachuti itafunguka kwa mkupuo mmoja."

"Si hiyo ni poa? Ifunguke haraka?"

Akaniangalia kama mwalimu wa hesabu. Mtu anaanguka kwa kilomita 200 kwa saa. Parachuti ikifunguka ghafla, mwili unapigwa breki ya kuvunja mifupa. Slaida ikiwa juu, inashindana na upepo, inateremka polepole kwenye kamba, na parachuti inajaa hewa kwa sekunde kadhaa. Kipande cha kitambaa, pete nne. Hakuna betri, hakuna kompyuta.

Akanyoosha kamba zote zikakaa katikati. Akaangalia breki. Akakunja, akatoa hewa kwa kulalia kitambaa na kifua, akakiingiza kwenye mfuko wake, akapanga kamba kwenye mipira mmoja baada ya mwingine. Kazi nzima ilikuwa kama robo saa hivi.

"Hii siigusi"

Nikamuuliza: "Na ile ya akiba, unaikunja saa ngapi?"

"Hii?" Akaweka kiganja juu ya sehemu ya juu ya begi. "Hii siigusi. Ina fundi wake."

Hapo nikaketi kabisa mchangani.

Usiku huo nilisoma hadi bando likaisha, na hivi ndivyo nilivyoelewa. Parachuti kuu inaweza kukunjwa na mrukaji mwenyewe au mtu aliyefunzwa, mara nyingi kwa siku. Ya akiba ni dunia nyingine. Kule Marekani, shirika la FAA linalosimamia usafiri wa anga limeweka sheria kwamba lazima ifunguliwe, ikaguliwe na kukunjwa upya na fundi mwenye cheti kila baada ya siku 180, hata kama haijatumika hata mara moja. Zamani ilikuwa siku 120.

Fundi huyo haharakishi. Anachukua saa kadhaa. Anaitandaza yote, anakagua kitambaa, mishono, kamba, pete, mikanda. Kabla ya kuanza anahesabu vifaa vyake, na akimaliza anavihesabu tena. Kwa nini? Kwa sababu kifaa kimoja kikisahaulika ndani, mwenye begi atakigundua hewani.

Akimaliza, anafunga pini kwa uzi mwekundu mwembamba na kubana muhuri mdogo wa risasi, ile madini, wenye alama yake. Kisha anaandika tarehe kwenye kadi ndogo inayokaa ndani ya begi, na kutia sahihi. Mtu yeyote akitaka kujua nani alikunja na lini, jina liko pale. Uzi ukiwa umekatika, au tarehe imepita, hilo begi halipandi ndege.

Fikiria hiyo kidogo. Ni kazi ngapi unazozijua Nairobi ambapo mtu anaweka jina lake kwenye kila kitu alichokigusa?

Jeshi la Marekani limeenda mbali zaidi. Askari wanaokunja parachuti, wale wa kofia nyekundu, lazima nao wawe warukaji. Na mmoja wao anaweza kuambiwa wakati wowote aruke na parachuti aliyoikunja mwenyewe. Ebu jaribu kuweka sheria hiyo kwa wanaotengeneza breki za matatu.

Kitu kingine kilichonigusa mimi binafsi: kupata cheti hicho cha FAA hakuna anayekuuliza digrii. Uwe na miaka 18, uwe umekunja angalau parachuti 20 chini ya usimamizi, halafu upite mtihani wa kuandika, wa mdomo na wa mikono. Hiyo ya mikono ndiyo inayotisha. Huwezi kunakili.

Pete tatu na Mjerumani mmoja

Sasa tuseme mambo yameenda kombo. Parachuti kuu imetoka, lakini kamba zimesokotana na inazunguka kama feni. Huwezi kuifungua ya akiba juu yake, zitanaswa pamoja. Inabidi uitupe kwanza ile mbovu.

Lakini ile mbovu inakuvuta kwa nguvu kubwa sana. Utaichomoaje kwa mkono mmoja?

Jibu lilitoka kwa Mmarekani anayeitwa Bill Booth katika miaka ya 1970. Alitumia pete tatu za chuma, kubwa, ya kati na ndogo, kila moja ikipita ndani ya mwenzake. Kila pete inapunguza mvuto, mpaka mwishoni uzito wote unazuiwa na kitanzi kidogo cha uzi na waya laini. Ukivuta mshikio wa upande wa kulia, waya unatoka, kitanzi kinaachia, pete zinapinduka moja baada ya nyingine, na parachuti mbovu inaenda zake. Kisha unavuta mshikio wa kushoto na ya akiba inatoka.

Na kama mtu amezimia? Au amechanganyikiwa, amepoteza hesabu ya urefu? Hapo ndipo unakutana na Mjerumani Helmut Cloth. Alimpoteza rafiki yake katika ajali ya kuruka, na mwaka wa 1991 akaleta kifaa kidogo kinachoitwa CYPRES. Kinakaa ndani ya begi kikipima shinikizo la hewa. Kile cha warukaji wenye uzoefu kikiona mtu yuko chini ya mita 225 hivi na bado anaanguka kwa zaidi ya mita 35 kwa sekunde, kinalipua kisu kidogo kinachokata kitanzi cha parachuti ya akiba. Inafunguka yenyewe. Kwa watu wawili waliofungwa pamoja, kinafanya hivyo mapema zaidi, kama mita 580.

Lakini sikiza: kifaa hicho kinakata kitanzi tu. Hakikunji parachuti. Kikishakata, kinachotoka ni ile kazi ya fundi aliyekaa saa kadhaa peke yake, miezi iliyopita, bila mtu wa kumpigia makofi.

Vifaa vizuri, binadamu yule yule

Usinielewe vibaya, sitaki kukutisha. Mchezo huu umekuwa salama kuliko zamani. Marekani, ambako watu huruka kwa wingi na chama chao kinaweka hesabu, miaka ya 1970 walikuwa wakifa zaidi ya 40 kwa mwaka kwa wastani. Mwaka wa 2023 walikufa 10, kati ya mara milioni 3.65 hivi za kuruka.

Vifaa vimechangia sana. Lakini kuna jambo la ajabu. Wengi wa wanaokufa siku hizi wanakufa parachuti ikiwa imefunguka vizuri kabisa, hasa wenye uzoefu. Wanachukua parachuti ndogo za kasi, wanakata kona karibu na ardhi wakitafuta raha, na wanakosea kipimo.

Yule yule Bill Booth wa pete tatu ana usemi wake kuhusu hili. Kwa ufupi anasema kadiri vifaa vinavyokuwa salama, ndivyo watu wanavyoongeza hatari, mpaka hesabu ya vifo inarudi pale pale. Ukipanda nduthi pale Thika Road na dereva mwenye helmeti mpya anapita katikati ya lori mbili, utaelewa anamaanisha nini.

Na kuna wale wa upande mwingine, wenye imani bila ukaguzi. Februari 4, 1912, fundi wa nguo huko Paris, Franz Reichelt, alipanda mnara wa Eiffel akiwa amevaa koti-parachuti aliloshona mwenyewe. Aliwaambia polisi atajaribu na sanamu. Marafiki wakamsihi asivae yeye. Akaruka kutoka mita 57 hivi mbele ya kamera, na koti halikufunguka. Mikono ya kushona alikuwa nayo. Ujasiri pia. Alichokosa ni kukubali mtu mwingine aikague kazi yake na kumwambia hapana.

Maswali ya kuuliza

Kwa hivyo, mtu wangu, kama uko na pesa na unapanga kuruka, popote pale, usiulize bei peke yake. Uliza haya:

Parachuti ya akiba ilikaguliwa lini, na nani? Mtu mwenye kazi safi hatakasirika. Atakuonyesha tarehe.

Begi lina kile kifaa cha kujifungulia, na kimewashwa leo? Kwa kawaida kinawashwa ardhini, pale mnaporukia, ili kijue ardhi iko wapi.

Mwalimu ana cheti cha kuruka na abiria? Kuruka peke yake mara mia si sawa na kumbeba mtu mwingine.

Ndoano zote nne zimefungwa, na amezikagua zaidi ya mara moja? Uko na macho, tazama.

Na kama upepo umekuwa mkali wakakwambia subiri, usilete fujo ya mteja. Anayekwambia subiri anakupenda.

"Hii nayo niangalie wapi?"

Binamu alitua salama, amejaa mchanga, akipiga mayowe kama ameshinda Sportpesa.

"Umenipata? Umenichukua nikitoka?"

Ukweli ni kwamba nilikuwa nimechukua video ya dada akikunja parachuti. Ya binamu nilipata sekunde kumi za kutua, na nusu yake ni kidole changu. Alininunia hadi Mariakani.

Kwenye treni, alipotulia, nikamweleza yote: slaida, uzi mwekundu, kadi yenye sahihi. Halafu nikamweleza kuhusu ule mshipi wa Upper Hill, kitu ambacho sikuwa nimewahi kumwambia. Alinyamaza muda mrefu akitazama dirishani.

Sijakuambia kazi yake Qatar. Hufunga vyuma vya majukwaa ya ujenzi kwenye majengo marefu. Huvaa mshipi kila siku ya Mungu.

"Mimi leo nimelipa pesa nyingi kuvalishwa mikanda iliyokaguliwa," akasema hatimaye. "Na ile ninayovaa kazini sijui hata ilinunuliwa lini."

Alirudi. Wiki mbili baadaye, saa tano usiku, simu ikalia. Picha kwenye WhatsApp: mshipi wa rangi ya chungwa, umepauka, na mshono wa begani ukiwa na vinyuzi vimesimama kama nywele za mtoto. Chini ameandika: "Uliza Anti anaonaje."

Mama alikuwa anajiandaa kulala. Akaichukua simu, akavaa miwani, akaikuza picha kwa vidole viwili. Hakuchukua muda.

"Mwambie asiivae. Hata siku moja."

Nikamtumia sauti yake mwenyewe, ili asifikiri ni mimi. Tiki mbili zikawa buluu. Kimya. Nililala nikiwaza mambo mengi, hasa msimamizi fulani anayesema hiyo iko sawa.

Asubuhi nikakuta ujumbe. Ilikuwa picha ya mshipi mwingine, mpya, bado una karatasi ya kampuni.

"Wamelalamika lakini wamebadilisha. Hii nayo niangalie wapi?"

Nikampa Mama simu.